Dhara Lisilo na Mzoga

Ni desturi ya mwanadamu kupima ubaya kwa mizoga. Unapotokea msiba huuliza kwanza ni wangapi waliokufa, na akiisha kupewa hesabu hudhani ameujua msiba wote. Kipimo hiki ni chepesi, lakini si cha haki. Maana yako madhara yasiyoua leo, nayo huwapata wale ambao hawajafika duniani wakaweza kushtaki. Je, dhara la namna hiyo ni deni la nani? Na ikiwapo shaka, nani auchukue mzigo wake?

Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska, nchini Marekani, ikamwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Ndege wa bahari na fisi maji walikufa kwa maelfu, na dunia ikawasikitikia. Majuma machache baadaye heringi walikuja pwani kutaga, kama ilivyo ada yao kila mwaka. Mayai yao ni madogo, nayo hunata juu ya mwani, hakuna aliyeyalilia.

Lakini mayai nayo yalikuwa na habari yao. Mafuta ghafi yana kemikali ambazo huyeyuka majini kidogo kidogo na kupenya ndani ya yai. Moyo wa samaki huanza kupiga mapema, hali ungali unajengwa, na mapigo yake hutegemea potasiamu na kalsiamu zipitazo kwa zamu katika chembe zake. Kemikali hizo huivuruga zamu hiyo. Na moyo unaopiga vibaya wakati wa kujengwa hupata umbo lisilo lake. Sumu ikiwa nyingi, kifaranga hujaa maji kifuani, mgongo hupinda, akafa. Ikiwa haba, sehemu chache tu katika sehemu bilioni za maji, huanguliwa akaonekana mzima.

Hapo ndipo penye fumbo. Wataalamu waliwaweka samoni katika maji yenye mafuta wangali mayai, kisha wakawalea na kuwaachia baharini: waliorudi walikuwa wachache kuliko wenzao ambao hawakuguswa. Katika jaribio jingine heringi na samoni waliopata sumu hiyo mayaini walikutwa, miezi kadhaa baadaye, na mioyo yenye kasoro na mwendo mzito wa kuogelea. Samaki mzito ni chakula cha mwepesi. Hafi kwa mafuta. Hufa kwa meno ya adui ambaye angaliweza kumkimbia. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, walikusudia malezi mema; mafuta humkunja samaki kabla hajawa samaki.

Yupo atakayejibu kwamba heringi mmoja hutaga mayai maelfu kwa maelfu, na kwamba karibu yote hupotea hata katika maji safi. Hasara iko wapi basi? Hoja hii ina ukweli, lakini haina uadilifu. Wingi wa mayai si ziada ya kuchezewa. Ni akiba ambayo kwayo ukoo wa samaki huvuka njaa, baridi na maradhi. Mwizi wa ghala hawezi kujitetea kwamba nafaka ile ingaliliwa na panya.

Shaka ni jambo gumu zaidi. Mwaka 1993 heringi wa ghuba ile walipungua ghafula, na wavuvi wakakosa riziki yao. Wataalamu hawakupatana juu ya sababu: wengine waliyashuku mafuta, wengine maradhi na uhaba wa chakula. Sheria nayo ilikuwa imetambua kwamba madhara mengine hujificha: mapatano ya mwaka 1991 kati ya serikali na kampuni ya meli hiyo yaliruhusu kudaiwa hadi dola milioni 100 zaidi kwa hasara ambayo haikuweza kutazamiwa. Mwaka 2006 serikali zilidai takriban dola milioni 92. Mwaka 2015 zikaliacha dai lao. Kukiri deni ni jambo moja. Kulilipa ni jingine.

Mtu anaposhtakiwa, shaka humfaa yeye, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa uhuru wake umo hatarini. Lakini kanuni hiyo haifai kuhamishwa nzimanzima hadi baharini. Anayechukua sumu ameijua kuwa ni sumu, ameichagua njia, naye amepokea faida. Yai halikuchagua kitu wala halina shahidi. Shaka ikiwapo baina ya mwenye hiari na asiye na hiari, mzigo wake umwelemee mwenye hiari. Na mwenye hiari si nahodha na tajiri wake peke yao. Ni sisi pia tunaoyataka mafuta hayo kwa magari na taa zetu, kisha tukataka na bei yake iwe nafuu. Unafuu huo hulipwa na mtu mwingine, au na kiumbe kingine, mahali tusipopaona.

Basi hesabu ya haki haiishi ufukoni mizoga inapozikwa. Hungoja hata majira ambayo samaki walitazamiwa kurudi, ikawahesabu na wale ambao hawakurudi.