Mgonjwa Akikataa Kisu, Mwenzake Afanye Nini?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mara nyingi huamuliwa chumbani, kwa sauti ya chini, bila padre wala jumuiya kujua. Mume au mke ameambiwa hospitalini kwamba ana saratani ya ngozi, na kwamba tiba yake ni kuikata. Anarudi nyumbani na kusema, "Mimi sikatwi. Nitatumia dawa za nyumbani." Je, mwenzake ana haki ya kumlazimisha? Au kwa kuwa mwili ni wa mgonjwa, anyamaze tu na kumchemshia mizizi?

Siulizi kwa kupenda mabishano. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiwatembelea mume na mke wa jumuiya yetu. Mume alikuwa na doa jeusi chini ya kisigino, akidhani alichomwa na mwiba shambani. Kipande kidogo kilipopimwa, daktari alimwambia sehemu ile iondolewe upesi. Mume akaogopa. Aliniambia, "Mwalimu, wakianza na kisigino watamaliza na mguu. Nani atalima?" Basi mke akawa anamkanda kwa maji ya mitishamba asubuhi na jioni, na kumpaka malhamu nyeusi ya kuchoma waliyouziwa sokoni. Gamba lilipotokea walifurahi, wakasema ugonjwa unatoka.

Waliniomba nisali. Nilisali, nikanywa chai, nikaenda zangu. Nilijua daktari alivyosema, lakini nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuingilia ndoa ya watu. Baada ya miezi kadhaa uvimbe ulitokea kinenani. Safari hii mume mwenyewe aliomba apelekwe, lakini ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni. Baada ya mazishi mjane aliniuliza, "Mwalimu, mbona wewe hukusema kitu?" Sikuwa na jibu. Nayaandika haya kwa ajili ya swali lile.

Ugonjwa wenyewe

Wengi wetu hudhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Ni kweli hao huumizwa zaidi na jua. Lakini kuna aina iitwayo melanoma, ambayo kwa mtu mweusi hupenda kutokea kwenye wayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha, mahali pasipopigwa na jua. Tena kidonda cha miaka mingi kisichopona, au kovu la moto, navyo huweza kugeuka saratani.

Aina nyingine hukua polepole. Melanoma haina subira. Ikizama ndani ya ngozi huweza kusafiri mwilini, na hapo kisu hakitoshi tena. Ikiwahiwa ingali nyembamba, mara nyingi huondolewa kwa ganzi na mgonjwa akapona. Malhamu ya kuchoma huua ngozi ya juu, nzuri na mbaya pamoja. Gamba likianguka, kovu huweza kufunika saratani inayoendelea chini yake.

Mfano unaojulikana ulimwenguni ni wa mwimbaji Bob Marley wa Jamaika, ambaye nyimbo zake huimbwa sana hata hapa Kenya. Mwaka 1977 alipatikana na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kwanza ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, na imani yake ya Kirastafari ilikuwa sababu mojawapo. Alikubali upasuaji mdogo zaidi. Mwaka 1980 saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo. Akaenda Ujerumani kwa daktari Josef Issels, aliyetibu kwa njia ambazo madaktari wengi hawakuzikubali. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, akaacha mke na watoto. Hakuna awezaye kuapa kwamba kukata kidole kungemwokoa. Lakini mwaka 1977 kilichotakiwa kilikuwa kidole. Mwaka 1980 hapakuwa tena na cha kukata.

Mwili ni wa nani?

Mtakatifu Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, anafundisha kwamba mume ana mamlaka juu ya mwili wa mkewe, na mke juu ya mwili wa mumewe. Hapo hazungumzi habari za hospitali, wala hatupi ruhusa ya kumfunga mtu kamba na kumpeleka kwa daktari. Hata hivyo tunajifunza kwamba mwili wa mtu aliyeoa si shamba lake peke yake. Uhai ni amana ya Mungu, na wapo wengine wanaoutegemea.

Je, kukataa upasuaji ni dhambi daima? Hapana. Walimu wa maadili wa karne ya 16 walifundisha kwamba mtu halazimiki kukubali kukatwa mguu, maana siku hizo maumivu yake yalipita kiasi. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani katika upasuaji huko Boston mwaka 1846, na tangu hapo mzigo umepungua. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12 aliwaeleza madaktari kwamba wajibu wetu ni kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, si zile zenye mzigo mzito kupita kiasi. Basi mgonjwa ambaye saratani imemwenea, na upasuaji utamwongezea mateso tu, anaweza kuukataa kwa dhamiri safi. Kukataa doa dogo lisiondolewe, wakati lingali dogo, ni jambo jingine.

Na hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilidhani kunyamaza ni kumheshimu mgonjwa. Lakini mtu anayeamua kwa hofu, bila kuelezwa vizuri anachokikataa, hajaamua kwa uhuru. Rafiki yetu aliogopa kupoteza mguu. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi naye kwa daktari kuuliza kama mguu ulikuwa hatarini kweli. Tulimwachia hofu yake tukaiita uamuzi. Na mkono unaochemsha mizizi nao umeshiriki katika uamuzi huo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Siku hizi naona aliye karibu naye akinyamaza naye amesaidia kuyaficha.

Dawa za asili

Sizidharau dawa za asili. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu daktari, na papo hapo anasema Mungu ameziweka dawa ardhini. Mmea mmoja wa asili ya Madagaska, wenye maua ya waridi au meupe, unaopandwa kama pambo hapa kwetu, umetupatia dawa iitwayo vinkristini, inayotumika kutibu saratani ya damu ya watoto. Lakini dawa hiyo husafishwa, hupimwa na kuingizwa mshipani. Majani yake yakichemshwa jikoni ni sumu. Swali la kuuliza juu ya dawa yoyote ni hili: imepimwa na nani, kwa ugonjwa upi, na tukingoja matokeo yake tunapoteza nini?

La kufanya

Mume au mke mwenye afya, usimtishe mwenzako wala usimdhihaki. Kwanza muulize anaogopa nini hasa: maumivu, gharama, au kuonekana kilema? Kila hofu ina jibu lake. Pili, rudini kwa daktari pamoja, na mahangaiko yenu mmeyaandika kwenye karatasi. Mkiwa na shaka, tafuteni daktari wa pili, ila msikawie. Tatu, kama tatizo ni fedha, iambieni jumuiya ndogo ndogo. Tunachanga kwa ajili ya mazishi, hatushindwi kuchanga kwa ajili ya kisigino. Nne, akikataa hata baada ya kuelewa yote, mwambie wazi kwamba hukubaliani naye, kisha usimwache. Endelea kumwosha, kumlisha na kusali naye. Hayo nayo mliahidiana mbele ya altare.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Nikiambiwa leo kwamba nahitaji upasuaji, nitaogopa nini zaidi?
2. Je, kuna kidonda au doa mwilini mwangu ambalo sijamwonyesha mwenzangu?
3. Ni mara ngapi nimenyamaza ili kuwe na amani, na je, ilikuwa amani ya kweli?