Je, ni haki kuhukumu wanamemba wote kwa makosa ya chama chao?



Ninaandika juu ya jambo ambalo linagawanya paruasi zetu kila wakati wa uchaguzi. Tuliliona 2006, tukaliona 2011, 2018 na tena 2023. Sitasema chama gani ni kizuri na chama gani ni kibaya, sababu Kanisa halina kadi ya chama. Nauliza swali moja tu: kama chama kimefanya mabaya, je, ni haki kumhesabia mabaya yale kila mtu mwenye kadi yake, hata mbele ya kumwuliza yeye alifanya nini?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asifikiri kwamba ninawafundisha wengine tu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunachagua watu wa kamati ya ujenzi wa hekalu letu hapa Likasi. Jina la mzee mmoja likatajwa. Mzee huyu ni fundi wa kujenga, mikono yake inajulikana katika kartiye nzima. Mimi nikasimama nikasema: "Huyu hapana. Wakati wa mambo ya 1992 alikuwa na kadi ya chama kile." Watu wote wakanyamaza, maana kila mmoja alijua ninasema chama gani. Halafu mama mmoja, shemasi mwenzangu, ambaye jamaa yake ilifukuzwa mwaka ule, akauliza polepole: "Papa shemasi, yeye alifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kadi yake, sikujua matendo yake. Tukafunga mkutano pasipo kumaliza, na mimi nikarudi nyumbani na haya.

Kwa ajili ya vijana ambao hawakuona mambo yale, nitaeleza kwa ufupi. Mwezi wa 8 mwaka wa 1992, Konferansi Nasionale kule Kinshasa ilimchagua Étienne Tshisekedi, kiongozi wa UDPS, kuwa waziri mkuu. Yeye alikuwa mtu wa Kasai, na waziri mkuu aliyemtangulia alikuwa mtu wa Katanga. Hapa kwetu, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, hasira ikawaka. Watu wenye asili ya Kasai wakashambuliwa hapa Likasi, na mwaka wa 1993 kule Kolwezi. Nyumba zikachomwa, zingine zikanyang'anywa. Watu wakalala kwenye gare siku nyingi wakingoja treni, na watoto wakafa kwa magonjwa na njaa. Wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière tangu wakati wa Wabelgiji. Walizaliwa hapa, na Kasai hawakuijua kwa macho. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Siku moja niliingia darasani nikaona viti vingi vitupu, na mwalimu hakuita majina yale tena.

Angalieni sasa jinsi mambo yale yalivyotembea. Kwanza watu walisema: "UDPS wametunyang'anya serikali." Halafu wakasema: "Kila mtu wa Kasai ni UDPS." Halafu hawakuuliza kadi tena, waliuliza jina na lugha ya nyumbani. Mjane asiyejua siasa, mfanyakazi wa Gécamines ambaye hakupata kuingia mkutano wowote, mtoto wa miaka miwili, wote walihesabiwa kuwa chama. Hukumu ya chama ikawa hukumu ya kabila, na hukumu ya kabila ikafika mpaka kwa mtoto mchanga. Ndiyo sababu naiogopa hukumu ya namna hii. Haijui pa kusimama.

Nasi tulioona mabaya yale tukafanya nini baadaye? Tulichukua kipimo kilekile, tukakigeuza upande wa pili. Tukasema: "Kila mwenye kadi ya chama kile ni mchomaji wa nyumba." Mimi shemasi nilisema hivyo ndani ya nyumba ya Mungu.

Ndugu zangu, tukumbuke pia habari ya MPR. Chama kile kilianzishwa 1967, na Katiba ilipogeuzwa 1974, sheria ilisema kwamba kila Mzaire ni mwanamemba wa MPR. Hakuna aliyeulizwa. Mimi niliyezaliwa katika ile miaka nilikuwa mwanamemba mbele ya kujua kutembea. Basi, kama tunahukumu wanamemba wote wa MPR, tutahukumu baba zetu, mama zetu, wachungaji wetu, na wafungwa ambao MPR yenyewe iliwatia gerezani. Tshisekedi mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandika Manifeste ya N'Sele mwaka wa 1967. Lakini mwaka wa 1980 alikuwa mmoja wa wale wabunge 13 walioandika barua ya kumpinga Rais Mobutu, na 1982 akawa kati ya walioanzisha UDPS. Mtu yuleyule, je, tutamhukumu kwa mwaka gani?

Hata mahakama za dunia ziliona ugumu huu. Kule Nuremberg, katika Ujerumani, mwaka wa 1946, waamuzi walitangaza kwamba vikundi vingine vya Wanazi, kama vile SS na Gestapo, vilikuwa vikundi vya uhalifu. Lakini walitoa nje wale wasiojua makusudi yale mabaya, na wale walioingizwa na serikali pasipo kupenda, isipokuwa kama wao wenyewe walishiriki katika uhalifu. Kama wanadamu wasiokuwa na Neno mbele yao waliweza kupima hivyo, sisi je?

Tena sisi, kuliko watu wengine, tunapaswa kuijua habari hii. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwezi wa 4 mwaka wa 1921. Mwezi wa 10 mwaka uleule mahakama ya kijeshi ilimhukumu kufa, halafu hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafariki kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka wa 1951. Na wafuasi wake? Serikali ya Wabelgiji iliwahamisha na kuwatupa mbali na kwao, pamoja na wake na watoto. Haikuwauliza mmoja mmoja: wewe umemdhuru nani? Kuitwa ngunza kulitosha kuwa kosa. Wazee wetu walihukumiwa kwa jina la kundi lao. Sasa sisi watoto wao tutachukua fimbo ileile na kuwapiga wengine?

Tufungue Maandiko. Katika Mwanzo 18, Abrahamu anamwomba Mungu kwa ajili ya Sodoma, na anashuka tangu watu hamsini mpaka kumi. Mungu hakukasirika kwa kuulizwa hesabu ile. Katika 1 Wafalme 18 tunamwona Obadia, mkubwa wa nyumba ya mfalme Ahabu. Aliyemwona kwa mbali angesema: "Huyu ni mtu wa Ahabu na Yezebeli." Lakini mtu huyu aliwaficha manabii mia moja katika mapango, hamsini hamsini, akawalisha. Yosefu wa Arimataya alikuwa mjumbe wa baraza lililomhukumu Bwana wetu, lakini Luka 23 inatueleza wazi kwamba yeye hakukubali shauri lao. Na kati ya mitume kumi na wawili Yesu aliweka Matayo, aliyewatozea Warumi kodi, pamoja na Simoni Zelote, wa wale waliowachukia Warumi. Watu wa pande mbili walikula meza moja.

Najua mtu atanijibu: "Shemasi, soma pia Yoshua 7. Akani alikosa peke yake, na Israeli yote ikapigwa." Ni kweli. Lakini endelea kusoma. Mungu aliwaamuru waje kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, halafu mtu mmoja mmoja, mpaka mwenye kosa akajulikana. Taabu ya kosa iliwafikia wengi, lakini kosa lenyewe lilitafutwa mpaka kwa mwenyewe. Najua pia kwamba nyumba ya Akani iliangamia pamoja naye, na neno hili linanitia hofu kila mara ninapolisoma. Lakini kwa waamuzi wanadamu Mungu alitoa amri katika Kumbukumbu la Torati 24:16, kwamba baba asiuawe kwa kosa la mtoto wala mtoto kwa kosa la baba. Ezekieli 18 inasema namna ileile.

Mwingine atajibu: "Lakini bila wanamemba wengi, wakubwa wa chama wangepata wapi nguvu?" Neno hili ni zito kuliko la kwanza, sitalikimbia. Wakati Stefano alipopigwa mawe, Sauli hakutupa jiwe. Alichunga nguo tu, na Matendo ya Mitume 8:1 inamhesabia kwamba alikubali kifo kile. Basi kuwa mwanamemba si kitu bure. Mtu aliyeingia kwa kupenda, akaona mabaya, akaendelea kupiga makofi, ana sehemu yake mbele ya Mungu. Lakini ni sehemu yake, si sehemu ya kila mtu. Na mkubwa aliyetoa amri ana sehemu kubwa zaidi, maana aliyepewa vingi atadaiwa vingi.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda kwa yule mzee. Nilimwomba msamaha kwa maneno yangu ya mkutanoni, halafu nikamwuliza lile swali la mama shemasi. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema: "Kadi nilichukua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Maneno yao juu ya inchi ya babu zetu yalinipendeza. Sikuchoma nyumba ya mtu, sikuchukua kitu cha mtu. Lakini usiku mmoja jirani yangu aligonga mlango pamoja na watoto wake, nikazima taa. Nikasikia miguu yao inakwenda kwa jirani wa pili. Yule akafungua. Naye alikuwa na kadi kama yangu."

Ndugu zangu, nilikuwa nimefikiri kwamba kuhukumu mtu mmoja mmoja ni kuwafungulia wote. Sivyo. Kwa hukumu ya pamoja, mzee huyu alijificha miaka mingi. Watu walipomwita mchomaji, moyoni alijibu "sikuchoma", akajiona mwenye haki. Siku alipoulizwa yeye alifanya nini, mlango ule uliofungwa ukaonekana. Na yule jirani aliyefungua, ambaye tulimhesabu pamoja na wabaya mpaka akafa, hakupata hata neno moja la shukrani kutoka kwetu.

Mzee aliungama mbele ya wazee wa paruasi. Mama shemasi ndiye aliyeomba maombi. Tulitafuta habari za jirani wa zamani, tukaambiwa kwamba amekwisha kufariki Mbuji-Mayi, tukapata namba ya mtoto wake. Mzee alizungumza naye kwa simu. Mtoto alisikiliza, akasema asante, akakata. Moyo wake Mungu anaujua, hatuna haki ya kumlazimisha kusamehe. Leo mzee ni fundi wa kamati yetu.

Basi jibu langu ni hili. Chama kinaweza kuhukumiwa kama chama: kwa maneno yake, kwa amri za wakubwa wake, kwa matendo yaliyofanywa kwa jina lake. Tunaweza kukataa kukipigia kura, tunaweza kukikemea, na serikali inaweza kukifunga kwa sheria. Lakini mtu ahukumiwe kama mtu. Mbele ya kumfungia mtu mlango kwa sababu ya kadi yake, tujiulize maneno haya manne:

1. Je, aliingia kwa kupenda, au alilazimishwa?
2. Alijua nini, na alipojua alifanya nini?
3. Mikono yake yenyewe ilifanya nini?
4. Je, nyumbani mwake kuna kitu cha mtu mwingine? Kama kipo, akumbuke Zakayo, akirudishe.

Kama hatujui majibu, tunyamaze mpaka tujue. Na kama tunajua, tuseme kosa lenyewe, si jina la chama wala la kabila. Kwenye matanga, kwenye ubatizo, kwenye ndoa, mtu asiulizwe alipigia nani kura.

Upendo, amri na kazi: ndiyo mambo matatu tuliyofundishwa. Upendo unatuzuia kumtupa mtu pamoja na kundi lake. Amri inatuzuia kufunika kosa lake. Na kazi ni hii: kwenda mpaka nyumbani kwake na kumwuliza.

Siku ya mwisho hatutasimama mbele ya Bwana kwa vyama. Kila mmoja ataitwa kwa jina lake. Mungu atusaidie. Amina.

Shemasi wa paruasi, Likasi