Swichi Ngumu na Mpaka wa Subira

Subira husifiwa sana katika lugha yetu, na inastahili sifa hiyo. Lakini kila tabia njema ina mpaka, na asiyeujua mpaka wa subira huweza kuupa uzembe jina la heshima. Nataka kuutazama mpaka huo katika kitu kidogo: swichi ya kurunzi iliyoshikana hata haisogei ila kwa nguvu.

Chita iko chini ya milima ya Udzungwa, kando ya bonde la Kilombero, na nchi hiyo ni ya mpunga. Wakati wa masika maji hutanda uwandani. Mpunga unapokaribia kuiva, mkulima hukesha dunguni kuulinda na nguruwe mwitu. Huko kurunzi si pambo. Huitazama njia kabla ya mguu kukanyaga, maana nyoka na shimo havibishi hodi.

Kurunzi hiyo huingiwa na unyevu, matope na vumbi la pumba. Swichi ya kusukuma si fumbo: kibonye husogeza kipande chembamba cha bati kikagusana na kingine, umeme ukapita kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Vumbi likijaa katika njia yake, kibonye hukwama. Kutu ikiota juu ya bati, umeme hukwama. Betri kuukuu ikivuja, majimaji yake huyala mabati yote. Kwa hiyo ugumu wa swichi si ukaidi, bali ni habari inayoletwa kwenye kidole.

Mwenye kurunzi huipokeaje habari hiyo? Mmoja hukaza kidole gumba mpaka bati likapinda. Mwingine huvumilia, akasema kwamba kurunzi bado inawaka. Kauli hiyo ni ya kweli, na hatari yake imo katika ukweli huo. Kitu kilichokufa hutafutiwa dawa siku ile ile. Kilicho nusu hai huachwa mwaka mzima.

Tena tuulize ni nani hasa anayevumilia. Kidole kilichozoea jembe huisukuma swichi hiyo bila taabu. Lakini kurunzi ya nyumbani haina mkono mmoja. Usiku huchukuliwa na bibi mwenye vidole vilivyokakamaa, na mtoto aliyetumwa kwa jirani. Hao ndio wanaosimama gizani wakishindana na kibonye. Mwenye mali hujihesabu mvumilivu, na gharama ya uvumilivu wake hulipwa na wengine. Kwa sababu hiyo yeye si hakimu wa haki katika shauri hili. Ugumu wa kitu cha nyumbani hupimwa kwa mkono ulio dhaifu kuliko yote.

Yuko atakayesema kwamba kurunzi ni rahisi, inunuliwe nyingine. Ziko zilizofungwa na kiwanda zisifunguke, na kwa hizo shauri hilo lina haki. Lakini kurunzi mpya itakwenda shamba lile lile, itanyeshewa mvua ile ile, na tabia ile ile itakuwa inaingojea. Kwa inayofunguka, kazi yenyewe ni ya muda mfupi mchana. Betri hutolewa kwanza. Vumbi hupanguswa kwa mswaki mkavu. Kutu husuguliwa taratibu kwa msasa laini. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani hutiwa ubavuni mwa kibonye, mbali na mahali mabati yanapogusana. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa hugandamana na kushika vumbi jipya.

Subira ina mahali pake. Mvua ikichelewa, au mto ukifurika ukameza majaruba, kusubiri ni wajibu, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kuzuia mambo hayo. Lakini kasoro iliyo ndani ya uwezo wetu, inayomtaabisha aliye dhaifu kuliko sisi, haidai subira yetu. Inadai kazi yetu, tena kabla jua halijatua.