Amana ya Kifuani

Ndugu zangu waumini, na mama zetu mlio nyuma ya pazia, tukiutaja moyo hapa msikitini huwa tunakusudia kiburi, husuda na ria. Leo nautaja moyo wa nyama, huu unaodunda chini ya mbavu, maana nao ni amana na tutaulizwa tuliutunzaje.

Miezi mitatu iliyopita nilikwenda kupima damu kwa kuhimizwa na mke wangu. Sikuwa naumwa popote. Cheti kikatoka: kolesteroli, ambayo wengi twaiita lehemu au mafuta ya damu, jumla yake 6.8, na daktari anataka isifike 5. Nikamwambia, mbona sisikii chochote? Akasema haisikiki.

Kolesteroli si adui. Ini lenyewe ndilo hutengeneza sehemu kubwa yake, na mwili huitumia kujengea utando wa seli na kutengenezea homoni na nyongo. Balaa ni ikizidi. Husafiri ndani ya damu kwa vifurushi, na vile viitwavyo LDL vikiwa vingi hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa vikabaki humo. Wengi tunadhani mafuta hugandia mshipani kama samli inavyogandia ukingoni mwa sinia biriani ikipoa. Sivyo. Yanaingia ndani ya ukuta wenyewe, askari wa mwili wanakuja kuyameza, wanavimbiwa, wanafia humohumo, na pale panafanyika kitu mfano wa jipu lenye ngozi nyembamba. Miaka ishirini, thelathini, mtu anaswali, anabeba magunia, hana habari. Siku ngozi ile ikipasuka, damu inaganda juu yake, bonge linaziba mshipa, na nyama ya moyo inaanza kufa. Ndipo tunaposema kwenye matanga, "Jana tulikuwa naye, hakuumwa." Hakuumwa, lakini alikuwa mgonjwa.

Tusijifiche nyuma ya kusema ajali imeandikwa. Imeandikwa, naam, lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo atawakali.

Sasa chakula chetu. Chupa za mafuta ya kupikia huandikwa kuwa hazina kolesteroli, na tui la nazi nalo halina. Ni kweli, ila haitoshi: zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale yaliyoshiba, yanayolifanya ini lizembee kuiondoa LDL kwenye damu. Samli, mawese na mafuta ya nyama yana tabia hiyohiyo. Siharamishi alichohalalisha Allah. Nasema mahamri asubuhi, maharage ya nazi mchana na wali wa nazi usiku, siku moja, wiki nzima, hiyo ni israfu juu ya mwili. Kunde na mbaazi zina nyuzinyuzi zinazosaidia kuitoa kolesteroli nje. Zipikwe kwa kitunguu na nyanya, zinalika. Kwangu siku hizi tui ni la Ijumaa tu.

Na wewe uliyepewa vidonge, usiviache kwa sababu unajiona mzima. Ulijiona mzima hata kabla ya kupima. Dawa hizi, statini, asili yake ni kuvu: mwaka 1973 Mjapani Akira Endo, baada ya kuchunguza maelfu ya aina za kuvu, aliipata ya kwanza. Mola ameshusha ugonjwa na dawa yake, hata katika kitu ambacho sisi tukikiona kwenye mkate tunautupa.

Hili nalishikilia sana: mtu akibanwa na kifua, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, akatokwa na jasho jembamba, msimwambie ni gesi. Msimpe tangawizi mkamlaza. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama mwenyewe anakataa.

Kesho narudia kipimo. Saa mbili asubuhi nitakuwa hapa mlangoni. Aliyetimiza miaka 40, mwenye sukari au presha, mvuta sigara, au ambaye baba au ndugu yake alifariki ghafla bado kijana, tufuatane. Na wembamba waje, lehemu haiangalii kitambi. Tutakwenda kwa miguu.