Msomaji Asiyeona Haya

Je, mwandishi ana deni gani anapomwandikia msomaji asiyejua kuona haya? Swali hili sikulitafuta. Nililetewa nyumbani Changarawe na mpwa wangu, mwanafunzi wa mambo ya kompyuta hapa Mzumbe. Na kwa sisi Waluguru, ambao ukoo wetu hufuata upande wa mama, mjomba akiombwa hana pa kukimbilia.

Alitaka nimwandikie mwongozo. Alikuwa amebuni programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari na kutazama mawasiliano yote baina ya ukurasa na seva: kila ombi linalotoka, anwani liendako, jibu linalorudi na muda uliopita. Mafundi wana chombo cha namna hiyo katika vivinjari vyao tangu zamani. Lakini mwongozo huu haukukusudiwa fundi. Ungesomwa na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, ikasoma maelezo ya zana ilizo nazo, kisha ikachagua yenyewe itumie ipi. Mwaka 2025 Google ilitoa chombo cha kuwaunganisha mawakala wa aina hii na Chrome, kwa hiyo kijana hakuwa akiota ndoto.

Nilikubali kwa majivuno kidogo. Nimefasiri tungo za watu kwa miaka mingi pasina kufundishwa na mtu, nikadhani maelezo ya zana ni mteremko. Orodhesha maombi yote. Onyesha ombi moja kwa namba yake. Chuja yaliyoshindikana, kama yale yanayojibiwa 404, kitu hakikuonekana, au 500, seva imekwama. Jioni moja ilitutosha.

Kisha akanifungulia ombi moja kwa ukamilifu wake. Alikuwa ameingia katika barua pepe yake, na sehemu ya juu ya ombi hilo palikuwa na mstari mrefu wa herufi na tarakimu usio na maana kwa macho yangu.

"Hiyo ni kuki, mjomba. Mwenye nayo, seva humwona kuwa ndiye mimi."

Ufunguo wa nyumba yake ulikuwa umelala pale, miongoni mwa mistari mingine, kama kitu cha kawaida.

Mzumbe ni mahali panapofaa kuliwazia jambo hili. Mwaka 1953, zama za Waingereza, palifunguliwa hapa shule ya serikali za mitaa, ambayo ndiyo mzizi wa Chuo Kikuu Mzumbe cha leo. Nimfikiriapo karani wa zama hizo, namwona na kanuni zake za maandishi mkononi. Lakini nusu ya kazi yake haikuwamo katika kanuni yoyote. Alitumwa kutafuta shauri la ardhi, akapita jalada lenye aibu ya jirani, akalifunika upesi, kwani kesho angekutana na jirani huyo njiani na kumwamkia. Aliyemwandikia kanuni aliweza kunyamaza juu ya hayo, akijua kwamba malezi yameshasema.

Wakala wetu hana jirani. Basi nikaandika: usisome kuki, usinakili nywila. Nikaona nimetenda wema. Mpwa wangu akatikisa kichwa. Programu hizi, akanieleza, hupokea maneno ya bwana wake na maneno inayoyakuta njiani kwa mkondo mmoja. Ukurasa wa mgeni waweza kuficha sentensi isemayo kuki zote zipelekwe kwenye anwani fulani, na wakala huenda akaitii kana kwamba imetoka kwa aliyemtuma. Hebu fikiri, msomaji, tarishi anayefungua barua alizobeba na kutekeleza kila amri anayoikuta ndani!

Hapo nililiona katazo langu kwa sura yake. Lingenisafisha mimi siku ya lawama, wala lisingemlinda mwenye kuki hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Aliyeonya tu, kwa maoni yangu, bado hajalinda.

Nikakataa kumkabidhi mwongozo mpaka programu yenyewe ifute thamani ya kuki kabla wakala hajaiona. Akapinga, na hoja yake haikuwa nyepesi: hitilafu nyingi zimo humo humo katika kuingia, na asiyeona hawezi kutengeneza. Tulibishana hata Uluguru ikamezwa na giza. Mwishowe tuliafikiana kwamba wakala aonyeshwe jina la kuki na muda wake wa kwisha, basi. Mwongozo sasa unasema: "Thamani imefichwa, usiitafute kwingine." Kipande cha pili mpwa wangu anakiona ni cha bure. Nimekiacha.

Zimebaki nywila, ambazo husafiri ndani ya ombi kwa majina ambayo kila tovuti hujichagulia. Hizo hatujazipatia dawa, na mwongozo bado uko mezani kwangu.