Ukweli wa Hadithi ya Kesho

Aristotle aliuliza swali ambalo halijatuacha: vita vya baharini vitakavyopiganwa kesho, je, habari zake leo ni za kweli au si za kweli? Jambo ambalo halijatokea halina shahidi wala alama ya kupimia. Hata hivyo ndilo tunalolitengea bajeti na kulitilia saini. Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni mji unaoandika mipango mingi ya kesho. Ninachodai ni hiki: taasisi isiyoweza kujisimulia kisa cha kushindwa kwake haijaifikiria kesho, imeitamani tu.

Yatazame majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), yenye majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa yawe makao ya Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971, Rais Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na mkutano wa marais watatu wa Jumuiya hiyo ukakwama. Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ikavunjika. Mgawanyo wa mali haukukamilika hadi mapatano ya 1984. Dalili zilionekana miaka sita nzima, lakini dalili hazisemi mpaka apatikane wa kuziunganisha: hili likitokea, litaleta lile, na fulani ataumia. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo kazi ya hadithi. Mkataba wa 1999, uliofufua Jumuiya, una vifungu vya nchi kujitoa, kusimamishwa na hata kufukuzwa. Safari hii wanasheria walithubutu kuiwazia siku ambayo hakuna anayeiombea.

Jaribio kubwa zaidi la kuiwazia kesho lilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mpango wa utafiti wa CCAFS, ulioshughulikia tabianchi, kilimo na chakula, uliwakutanisha wadau wa Afrika Mashariki wakatunga hadithi nne za kanda hii hadi mwaka 2030. Walianza na maswali mawili: nchi zitaungana, au kila moja itashika njia yake? Serikali zitajipanga mapema, au zitangoja maji yafike shingoni? Majibu yakazaa Sisimizi Wachapakazi, Kundi la Pundamilia, Chui Wapweke na Simba Waliolala. Kisha hadithi hizo zikapelekwa kwenye hesabu za kompyuta, zikapimwa kwa bei za chakula, matumizi ya ardhi na mavuno. Mtunzi hakuachiwa kusema lolote alilopenda. Kila tukio lilitakiwa kuonyesha sababu yake.

Basi, ukweli wa hadithi hizo ni wa aina gani? Si ukweli wa utabiri. Utabiri husubiri siku yake ifike ndipo uhukumiwe. Hadithi ya namna hii huhukumiwa leo, kwa vipimo viwili: je, matokeo yanafuata sababu zake kwa haki, na je, msikilizaji ameona jambo ambalo jana hakuliona? Inaweza isitokee kamwe na bado ikawa ya kweli, kwa kuwa imesema kweli juu yetu tulivyo sasa.

Tuchukue mfano wa karibu. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia maji floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini katika eneo la Ngarenanyuki kuna maji yanayopita mbali kiwango hicho, na meno ya kahawia ya watoto ndiyo ushahidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo una kikomo: ukishajaa floraidi, maji hutoka yakiwa yale yale. Sasa tutunge. Mwaka ni 2045, na ofisa kijana wa maji amefika kwa bibi mmoja kijijini.

"Shikamoo, bibi. Kwenye taarifa yetu chujio lako linafanya kazi."

"Marahaba, mwanangu. Maji yanatoka. Ila mtazame mjukuu wangu anapocheka."

Takwimu ilihesabu machujio. Maneno ya bibi yanauliza ni nani aliyepewa jukumu la kubadilisha mkaa. Swali hilo lingeweza kuulizwa leo, kabla senti moja haijatumika.

Nakubali kwamba hadithi ina hatari yake. Mwenye kuitunga ndiye anayechagua nani aonekane na nani asahaulike, na kisa kitamu huweza kupofusha kuliko takwimu kavu. Azimio la Arusha la 1967 lilitupa picha ya kesho yenye heshima na usawa. Lilikuwa jambo jema, lakini picha ilikuwa moja. Euphrase Kezilahabi alipoandika juu ya vijiji vya ujamaa vilivyozaliwa na picha hiyo, katika riwaya ya Gamba la Nyoka, mwaka 1979, watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mwandishi alifika baada ya msiba. Ndiyo maana hadithi hizi zinahitaji utafiti wa kuzifunga mikono, zinahitaji kuwa zaidi ya moja, na zinahitaji watunzi kutoka nje ya ukumbi: mkulima wa kahawa wa Akheri, mfugaji wa Oldonyosambu, mama wa soko la Kilombero.

Jumuiya, halmashauri na mashirika ya Arusha yafanye jambo moja ambalo gharama yake ni ndogo. Kabla mpango wowote haujapitishwa, isomwe mezani, kwa sauti, hadithi moja iliyofanyiwa utafiti, inayosimulia jinsi mpango huo ulivyoshindwa na aliyelipia. Wakubwa wakishindwa kuisikiliza mpaka mwisho, mpango huo haujawa tayari kutiwa saini.