Papa Francisko na Irada ya Mungu

Papa Francisko, aliyefariki dunia tarehe 21 Aprili 2025, hakupata kukanyaga Mombasa katika upapa wake. Ziara yake nchini Kenya ya Novemba 2015 ilikomea Nairobi, ambako, mbele ya viongozi wa dini mbalimbali, aliitaja misiba ya Westgate, Garissa na Mandera, akasisitiza kwamba jina la Mungu lisihalalishe chuki. Huku Likoni, Mombasa, ambako mwaka uliotangulia wenye bunduki walikuwa wamewaua waumini kanisani siku ya Jumapili, maneno hayo tuliyapokea kwa heshima, ijapokuwa kila khatibu na kila padri alikwisha kuyasema.

Lililo zito ni lile alilolitia saini Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019, pamoja na Sheikh Ahmad al-Tayyib, Imamu Mkuu wa al-Azhar: kwamba wingi wa dini, kama zilivyo tofauti za rangi na lugha, umo katika hekima na irada ya Mungu. Baadhi ya Wakatoliki walihamaki, na haukutimia mwezi kabla Papa hajamweleza mmoja wao, Askofu Athanasius Schneider, kwamba irada hiyo ni ya kuruhusu tu. Sisi Waislamu hatuna haki ya kuwacheka, kwani maulamaa wetu nao wamepambanua tangu kale baina ya alitakalo Mungu na aliridhialo.

Walakini ufafanuzi ule, kwa rai yangu, uliipunguzia kauli nguvu. Huku tumeona ruhusa tupu huishia wapi: Agosti 1997, kabla na baada ya kituo cha polisi cha Likoni kuvamiwa, vilisambazwa vikaratasi vya kuwataka wabara wahame, na waliosalimika wakajazana kanisani kwa Wakatoliki na magodoro na sufuria zao. Na ingawa fitina ile ilikuwa ya ardhi na kura zaidi kuliko dini, walioviandika vikaratasi vile walimwona jirani kuwa mtu aliyepewa ruhusa ya kukaa, nayo ruhusa mwenye kujiona mwenyeji hudhani aweza kuiondoa apendapo. Jirani aliyewekwa hapo kwa hekima, hata kama hekima yenyewe siijui, hafukuziki kwa kikaratasi.

Papa alikuwa na itikadi ya kanisa lake ya kuilinda, nami pia siwezi kukiri kwamba dini zote ni sawa; lakini ningependa walimu wa madrasa na wa katekisimu huku ng'ambo ya feri wausome waraka wa Abu Dhabi wenyewe kabla ya kusomeshwa ufafanuzi wake.